Uongo Niliomwambia Daktari

Kinole, Jumanne jioni

Ameniongezea dozi ya vidonge vya moyo, na kosa ni langu.

Daktari huyu nilimfundisha darasa la nne. "Shikamoo, mwalimu. Pombe tumeacha?" Nikajibu, "Marahaba. Niliacha zamani."

Jumamosi tu nilikunywa kwenye harusi ya mpwa wangu, maana mjomba asipoonja kwanza, wageni hawamiminiwi. Na siku ya pombe huwa simezi kidonge. Nilidhani ndiyo busara.

Aliyatazama macho yangu mekundu, akainamisha kichwa, akaandika. Alijua nadanganya kuhusu pombe; kwamba naruka vidonge hakujua, akadhani dozi ya zamani haitoshi.

Sasa vidonge vipya viko mezani. Naogopa kuvimeza, naogopa kuviacha.

Angenibishia tu! Lakini darasani aliponibishia nilimchapa, hadi akakoma.