Baba, Toleo la Zamani Halikai Mbele

Baba yangu,

Mungu akurehemu, lakini hebu niambie: nani alikutuma kupanga tovuti kama duka? Tangu ututoke mimi ndiye ninayeitunza, na kila nikifungua ukurasa nakuta mambo yako. Napiga kelele peke yangu mpaka Mama ananiuliza kutoka jikoni, nagombana na nani. Namjibu: na mume wako.

Ukurasa ninaousema unaujua. Ule wa kupakua. Mradi wetu unatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, ambao kila muntu ana ruhusa kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani. Wenzetu wanaouandika wako miji ya mbali. Tovuti ya Kiswahili walikukabidhi weye, muzee wa mtaa wa Kimanga mwenye duka la unga na vitenge, ukawa unaifanyia kazi palepale mezani, katikati ya wateja, kompyuta imejaa vumbi la unga. Nilikuwa najivunia, Baba. Acha niliseme hilo kabla sijakasirika tena.

Lakini ukaweka toleo la zamani kabisa juu, na jipya chini kabisa! Nilipokuuliza sababu ulinitazama kama nimekuingilia dukani na viatu vya tope.

"Mufuko ulioingia kwanza ndo unatoka kwanza," ukasema. "Ukiweka mupya mbele, ule wa zamani atauchukua nani?"

Jamani, toleo haliingii fukusi! Nilikwambia lile la zamani lina kosa, likiwekwa kwenye kompyuta linafuta diski nzima bila kuuliza. Ukajibu, "Muntu asome. Minye nimeandika tarehe." Nani anasoma tarehe, Baba? Tulinuniana siku mbili. Ya tatu ukaniletea mikeke, wale samaki wa ziwani, wa kukaanga, ukaweka sahani mbele yangu, nikala, ugomvi ukaisha. Orodha ikabaki vilevile.

Kisha ukaondoka. Watu walipomaliza kuzika, Mama akatangaza kwamba kitu chako hakiguswi mpaka arobaini. Koti libaki msumarini, miwani ibaki juu ya redio. "Na iyo site pia," akaniambia. "Iko kazi ya mukono wake." Nilijua ile orodha ni mbaya. Nilinyamaza, maana nami nilitaka ibaki kama ulivyoiacha.

Arobaini haijafika, simu ikalia. Mwalimu Furaha, wa shule moja kule Makobola. Hakunisalimia hata.

"Minye nilifinya ile ya kwanza kwenye orodha yenu. Iko juu, nikasema ndo yenyewe. Sasa points, alama za watoto za mwaka muzima, zimeenda zote. Weye unaniambia nini?"

Aliendelea kusema, na jina alilokuwa anataja ni lako, kwa sababu ndilo lililo chini ya ukurasa. Aliuliza huyo mzee ni muntu wa namna gani. Nilishindwa kumwambia umekufa. Leo hii anapita nyumba kwa nyumba kukusanya makaratasi ya mitihani ya wanafunzi, aandike upya, na wengine walishayatumia kuwashia moto wa kupikia.

Siku ileile nikaondoa matoleo yote ya zamani. Mama alinuna, nikamwacha anune. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Wiki haijaisha, muuguzi mmoja wa Bijombo akaandika: "Ile ya zamani iko wapi? Mashini yetu ya kituo haikubali ingine." Baba! Nilicheka kwa hasira mpaka machozi. Kumbe kuna mteja wa mfuko wa zamani kweli, huko milimani, na pengine ulikuwa unamjua na hukuniambia. Nimelirudisha. Liko chini kabisa, na onyo jekundu juu yake, na hapo sikupunguzii hata nukta. Ulikuwa na haki nusu, na hiyo nusu inaniudhi kuliko kosa lenyewe.

Limebaki tangazo. Wenzetu wa mbali wana desturi yao: kosa likitokea, linaandikwa wazi kwenye tovuti, limetokeaje na limetokana na nani. Ni desturi nzuri, siikatai. Nimeandika jina lako, nikafuta. Nimeliandika tena, nikamfikiria Mwalimu Furaha akilisoma, na watu wa Kimanga ambao mpaka leo wakipita dukani wanakuombea. Halafu nikazihesabu zile siku nilizokaa kimya huku najua.

Asubuhi hii nimelituma. Kuna pahali wanauliza mwenye kosa ni nani. Nimeandika: ni minye.

Binti yako, uliyemwachia kazi