Niliikosoa Kadi ya Kompyuta ya Baba Mkwe, Kumbe Aliinunua Mama Mkwe

Ilford, 8 Machi 2004

Mpendwa Bi. Nurjehan,

Kwa heshima nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, kwa maana jambo lililonifika ni la kitaalamu na la kifamilia kwa wakati mmoja, na wote niliowaendea hadi sasa wameelewa upande mmoja tu. Mimi ni Mkenya wa miaka ishirini na minne, na Novemba iliyopita nilitunukiwa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha hapa London, kwa daraja la juu, jambo ninalolitaja si kwa kujisifu bali kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nina mchumba, Shiku, ambaye ni muuguzi, na wazazi wake wanaishi Harrow. Baba yake, Mzee Zephaniah, alikuwa fundi wa injini za ndege Nairobi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuhamia huku, na sasa anasimamia wasafishaji wa ofisi, na burudani yake ya pekee ni mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, ambao huucheza sebuleni kila Jumapili baada ya ibada, akiruka kutoka Nairobi hadi Kisumu, huku mkewe, Mama Dinah, akiketi kando yake na ramani ya karatasi, akimweleza wamefika wapi na kuwatangazia abiria wafunge mikanda. Abiria hawapo, lakini hutangaziwa.

Katikati ya Februari nilipelekwa huko kujitambulisha rasmi, na kwa kuwa wazazi wangu wako Nyeri, msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Titus, dereva wa basi hapa Ilford, ambaye tulipopanda treni ya Metropolitan alinipa maagizo yafuatayo, nami nayanukuu kwa ukamilifu: "Allan, leo mdomo wako ni wa kula. Ukiulizwa jina lako, nitalitaja mimi."

Mambo yalikwenda vyema hadi baada ya chakula, Mzee Zephaniah alipoinuka, akawasha kompyuta, akaniita nisogee. "Kijana, si wewe ndiye umesomea haya mambo? Nimepata kadi mpya ya michoro. Megabaiti mia mbili hamsini na sita! Unaionaje?"

Baba mdogo alikohoa. Nilidhani ni mafua.

Ili wasomaji wako wasipotee, naomba kueleza kwamba kadi ya michoro ni kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kichore picha kwenye skrini, na kadiri kinavyochora picha nyingi kwa sekunde, ambazo sisi huziita fremu, ndivyo ndege inavyoonekana kuruka badala ya kurukaruka. Ikatukia kwamba mwezi huohuo nilikuwa nimekamilisha ulinganisho wa kadi tatu mpya, kurasa kumi na nne, niliouandaa kwa ajili ya kuombea kazi, na mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya Mzee, niliyoitambua mara moja kutokana na sanduku lake lililowekwa juu ya kabati kama kikombe cha ushindi, lenye picha ya joka la kijani lililovaa deraya. Sitataja majina ya watengenezaji. Ya Mzee tuiite Kadi A. Ina kumbukumbu kubwa, na ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi nene kwenye sanduku, lakini njia ya kuingilia na kutokea kwenye kumbukumbu hiyo ni nyembamba, nusu ya upana wa Kadi B, ambayo ina kumbukumbu nusu, bei yake ni pungufu kwa pauni ishirini, na inachora picha karibu maradufu. Kadi C inazipita zote, ila inadai waya wake wa umeme na inavuma kama mashine ya kukaushia nywele, kwa hiyo niliiondoa kwa misingi ya thamani.

Nilimweleza Mzee haya yote. Nilichukua kama dakika thelathini na tano. Nilimwambia kadi yake ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba, na kwamba mtetemo unaoonekana ndege inapoikaribia Kisumu, ambao yeye kwa miezi miwili alikuwa akiamini ni hali ya hewa ya ziwani, ni kadi kushindwa kazi. Alinisikiliza kwa makini sana na kuniuliza maswali ya maana, nami nikaona kwamba ninafanya vizuri. Kisha akasema, "Kwa hiyo unaniambia mke wangu amenunua tangi la lori la mafuta akalifunga kwenye pikipiki."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kadi ilikuwa zawadi ya Mama Dinah kwa mumewe, siku alipotimiza miaka hamsini na mitano. Nakiri nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nilijibu, "Ndiyo, Mzee, na mfano wako ni sahihi kuliko wangu."

Mama Dinah alisimama, akakusanya sahani, akasema kwa sauti ya chini, "Dukani waliniambia hii ndiyo kubwa." Nikamfariji kwa kumweleza kuwa kosa hilo ni la kawaida miongoni mwa wanunuzi wasio na ujuzi. Akaenda jikoni, wala hakutoka tena hadi tulipoaga.

Tulirudi na baba mdogo kwa treni hadi kituo cha Baker Street. Hapo akasema, "Ulikuwa na kazi moja. Kutafuna."

Shiku alinipigia simu kesho yake akitoka zamu. "Allan, uliulizwa 'unaionaje'. Jibu lilikuwa 'nzuri'."

"Lakini si nzuri."

"Najua si nzuri! Hata mimi naiona Kisumu ikitetemeka! Nani alikuuliza?"

"Baba yako," nikasema, na akakata simu.

Sasa, Bi. Nurjehan, hali ilivyo ni hii. Jumapili tatu zimepita Mzee anaruka peke yake. Mama Dinah anabaki jikoni na redio, na Shiku anasema ramani imerudishwa ndani ya droo. Mazungumzo ya posa yamesimama. Na wiki iliyopita Mzee alimpigia baba mdogo simu, akasema, "Mwambie kijana aje Jumamosi tarehe ishirini na saba, saa nane mchana, na hiyo kadi yake B. Tutazijaribu moja baada ya nyingine, nyumba nzima ikitazama. Akishinda, tutaendelea kuzungumza. Akishindwa, aendelee na masomo." Baba mdogo anaamini kwamba Mzee ametania nusu. Hajui ni nusu ipi.

Kwa hiyo nikienda na kusema kweli, nitashinda, kwa maana nimepima mara sita: Kadi A hutoa fremu kumi na nne kwa sekunde ndege inapotua Kisumu, na Kadi B ishirini na saba, lakini nitakuwa nimemwaibisha mama mkwe mara ya pili, safari hii mbele ya mashahidi. Njia nyingine ni kwamba mchezo wenyewe unaruhusu kuwekewa kikomo cha fremu, na nikiingia kwenye mipangilio mapema nikaweka kumi na nne, kadi zote mbili zitatetemeka sawasawa, Mama Dinah atapona, nami nitakuwa nimeisaliti taaluma yangu na huenda nimempoteza Shiku, maana nitahesabiwa kuwa nimeshindwa. Nimeandika faida na hasara za kila njia katika jedwali ninaloliambatisha. Silali vizuri. Shiku ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kumlinganisha na yeyote. Naomba uniambie nifanye lipi.

Wako mtiifu,
Allan, M.Sc.

*

BI. NURJEHAN ANAJIBU

Allan mwanangu,

Jedwali lako nimelipokea. Halichapishwi.

Pole, kwanza. Naona unampenda binti wa watu, maana ungekuwa humpendi ungemwambia baba yake kadi ni nzuri ukaomba chai ya pili. Umesema kweli kwa mtu uliyetaka akuheshimu. Kwa hilo sikulaumu.

Lakini umekwenda posa na msemaji, kisha umemnyang'anya kazi. Mimi nilizaliwa Mombasa, mwaka wa thelathini sasa niko hapa Kenton, na mila zenu za Nyeri si zangu, ila hata kwetu mposaji huketi kimya kama mgonjwa, na hilo lina maana yake. Msemaji akikosea, watu wazima huombana radhi, yakaisha. Mposaji akikosea hana wa kumwombea, kwa sababu aliyekuja kumwombea ameketi pale pale anakohoa. Baba yako mdogo hakuwa na mafua, Allan. Ulimwengu mzima umeshajua isipokuwa wewe.

Sasa hilo la kikomo. Hapana. Huyo mzee amesikiliza injini miaka ishirini na miwili. Kadi inayotoa ishirini na saba ukiibana itoe kumi na nne, ataishuku kabla ndege haijakunja magurudumu, na yeye mwenyewe ataingia kwenye hiyo mipangilio yako. Akikukamata, umekwisha. Asipokukamata, utakuwa umeoa kwa udanganyifu wa fremu kumi na tatu, na kila Jumapili mpaka Mungu amchukue utakaa kwenye kochi lake ukiitazama Kisumu inatetemeka na kusema ni mawingu.

Wala usiende kushinda. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sikuona mahali popote ulipoandika kwamba umemwomba Mama Dinah radhi. Umemwendea baba mdogo, Shiku, mimi, na jedwali. Huyo ni mwanamke aliyeingia peke yake kwenye duka la vijana wanaotafuna bazoka, asiyejua neno moja la hayo mambo, akauliza ipi itamfaa mume wake, akapewa ile yenye joka na namba kubwa. Alidanganywa na sanduku. Wewe, mwenye shahada ya kuyajua masanduku hayo, ulimwona amedanganywa ukamwambia ni kosa la wasio na ujuzi. Ukaita hiyo faraja! Mimi ningekumwagia mchuzi.

Na huyo mzee usidhani ana shida na fremu. Angetaka kadi angekwenda dukani. Amepoteza mwenzake wa safari, hajui namna ya kumwita arudi, basi ameitisha mashindano. Wanaume wa rika lile ndivyo wanavyolia.

Basi sikiliza. Gazeti hili linatoka Alhamisi, una siku tisa. Usiingoje Jumamosi. Mwombe Shiku akuulizie siku ambayo mama yake yuko nyumbani na mzee yuko kazini, nenda na Shiku mwenyewe, na mpite jikoni, si sebuleni. Omba radhi kwanza, kwa maneno machache kuliko uliyozoea. Usiombe radhi kwa uliyosema juu ya kadi, maana ni kweli naye anajua ni kweli. Omba radhi kwa kuyasema mezani pake, kinywa chako kikiwa bado na chakula chake. Kisha nyamaza mpaka ajibu. Akichukua muda, muda ni wake.

Akikukaribisha kuketi, hapo ndipo utoe Kadi B. Itoe ndani ya mfuko wa kawaida; sanduku liache kwako, amekwisha kuumizwa na sanduku. Mweleze tofauti ya hizo mbili kwa dakika tano, kama unavyomweleza mtu mwenye akili, kwa sababu anayo. Akiuliza, jibu. Asipouliza, usiongeze. Halafu mwambie, "Mama, zawadi ni yako, uamuzi ni wako," umwachie.

Akisema ya kwake ibaki, itabaki. Chukua kadi yako, mrudishe baba mdogo kwa mzee akaseme kwamba kijana amejitoa kwenye mashindano, na usiweke sababu wala takwimu. Kadi ya polepole haijawahi kuvunja ndoa, wala fremu kumi na nne hazijaua abiria. Na akisema afadhali hii mpya, usiichomeke wewe. Aichukue kwa mkono wake ampelekee mumewe usiku huo huo, amwambie nimekubadilishia, na hakuna uongo hapo, kwa sababu atakuwa amechagua yeye, safari hii akijua anachokichagua. Fundi wa ndege hahitaji msaada wa kufungua kompyuta.

Utaniuliza, na taaluma je? Taaluma yako iko salama, mwanangu. Ulisema kweli mara moja, dakika thelathini na tano, imetosha. Hakuna aliyekutaka useme uongo. Unatakiwa tu usishinde.

Jumamosi saa nane nenda kama ulivyoitwa, pamoja na baba mdogo, sukari, majani ya chai na unga. Azungumze yeye. Ukiitwa kwenye skrini, tazama, na ukiulizwa unaionaje, Shiku amekwisha kukupa jibu, ni neno moja. Na bisibisi uiache Ilford.