Mwaka wa Kuamshana

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipojilaza kwenye mkeka wako pale sebuleni, baada ya kufundisha darasa lako la yoga la asubuhi, na usiinuke tena. Tunajua hukupenda makuu, ila la moyoni lisiposemwa humkaa mtu kooni, kwa hiyo utuvumilie.

Nyumba yako ilikuwa na sheria moja tu usiyoisamehe: ukilala mkekani, mtu asikuguse. Siku ile tuliifuata. Baba alizima redio. Kitinda mimba wako, uliyemwita Kiherehere kwa sababu hata akikaa mguu wake hucheza, alinyata na viatu mkononi. Tulinong'ona. Chakula kilipopoa ndipo Baba alipokuita, kisha akakuita tena. Daktari alituambia ulikuwa umeondoka tangu mwanzo, hata tungepiga ngoma usingeamka. Tulimwamini, lakini utulivu ulitukimbia.

Tangu hapo humu ndani hakuna alalaye kwa raha. Baba akisinzia kitini, Kiherehere anamtikisa bega.

"Baba! Umelala?"

"Nilikuwa nimelala. Sasa sijalala. Umefurahi?"

Baba naye akipita mlangoni kwa Kiherehere, binti yake, akakuta kimya, anabisha hodi kuulizia funguo, na funguo zinaning'inia kidoleni mwake. Mwanao mkubwa alikuja kututembelea, wakamwamsha kwa zamu, akahamia kwa rafiki yake. Bibi, mama yako mzazi, alitukemea sote: "Nyie mtauana kwa kuamshana."

Yoga uliianza kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Miaka ya kuinamia cherehani kiwandani ilikukunja, ukawa unatoka kazini unatazama viatu vyako. Muuguzi mstaafu aliyefundisha yoga katika ukumbi ule juu ya gereji alikualika, ukaenda kwa kuona haya kukataa. Ulirudi umesimama wima, Baba akadhani umegombana na mtu. Bibi, mkandaji aliyeijua migongo ya mtaa mzima, alicheka mpaka akashika mlango. "Mimi watu wananilipa niwanyooshe. Wewe unakwenda kulipa ujikunje?"

Muuguzi alipochoka alikuachia ukumbi, ukamwalika Bibi aje ajionee. Alikaa pembeni amebetua midomo, mpaka ulipowalaza wanafunzi chali kwa ule utulivu wa mwisho. Hapo akainuka bila kuombwa. Akapita mkeka kwa mkeka, akishika visigino vya kila mmoja kwa viganja viwili, kama alivyowafanyia wagonjwa wake kabla ya kuwakanda, na kama mama yake alivyomfundisha. "Mwili lazima uambiwe kuna mtu amefika," alisema. Hukumaliza darasa tena bila kushika visigino. Gereji waligonga vyuma chini, na watu juu wakalala fofofo.

Hatujasahau ulivyomfundisha jirani asiyeweza kuinama, akiwa kitini jikoni kwake, huku ukimmenyea viazi. Wala ulivyopitisha kidole dirishani benki ukamwinua karani kidevu. "Kaa vizuri, mwanangu, shingo haina spea." Kiherehere alitaka ardhi ipasuke aingie.

Ndiye aliyeurithi ukumbi wako. Watu waliguna: asiyetulia afundishe utulivu? Anafundisha vizuri, Mama. Ila mwaka mzima alifunga darasa watu wakiwa wamesimama. Kuwaona wamelala chali, macho yamefumbwa, hakuweza.

"Mwalimu, mbona siku hizi hatulali?"

"Mtalala kwenu."

Wakaanza kupungua, mmoja mmoja. Juzi Bibi alimketisha chini, akamwambia bila kupepesa macho: "Mama yako hakufa kwa sababu alilala. Ukiendelea kuogopa mtu aliyelala, wape gereji huo ukumbi waweke matairi."

Jana asubuhi tulipanda ngazi zako sote, na wanafunzi waliobaki. Hata Baba alitandika mkeka, yeye uliyembembeleza miaka yote akajibu kwamba si gunia la kubwagwa sakafuni. Mwisho wa darasa Kiherehere alisimama mbele yetu akikunja na kukunjua vidole. Tulidhani atatuaga.

"Laleni chali," alisema.

Akaanza kupita. Mikono yake ilikuwa baridi na yenye haraka, kisigino hiki, kisigino kile, kama mtu anayekimbizwa. Alipofika kwa Baba alimkuta ametulia tuli, hata pumzi yake haisikiki. Sisi tuliofumbua jicho moja tulimwona akinyoosha mkono kuelekea bega amtikise. Ukabaki hewani. Kisha akapiga magoti, akamshika baba yake visigino.

Vilikuwa na joto.

Alikaa hivyo hivyo, machozi yakimdondoka, na mguu wake haukucheza. Chini nyundo zikaendelea kugonga. Baba akaanza kukoroma, Mama, ule mkoromo wake wa lori linalopanda mlima, na hakuna aliyemwamsha.

Unakumbukwa na mumeo. Na mama yako, ambaye bado anatukagua migongo. Na mwanao mkubwa, aliyerudi kulala nyumbani. Na Kiherehere wako. Na wanafunzi wako wa juu ya gereji.

Pumzika, Mama. Utakuwa nasi daima, tukiwa macho, na sasa hata tukilala.