Machipukizi ya Bibi Tsuneko

Kijiji cha Oritate,
Mkoa wa Yamagata,
Japani.
9 Juni 2019

Mpendwa Shangazi Mghoi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Mkawasi akuletee ilifika, au alijipaka yote njiani? Na mvua za Wundanyi zimekuachia chochote shambani, ama zimeteremka na maharagwe yako hadi Mwatate? Mimi ni mzima, Shangazi. Nakula nashiba, nalala naamka. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: kwa kimya changu hiki umekwisha kunizika na kuandaa matanga.

Simu yangu ilitumbukia mtoni, na niliyoagiza mjini haijafika. Namna ilivyotumbukia ndiyo habari yenyewe, lakini vuta kiti kwanza.

Kazi yangu ni ileile. Watoto wa shule yetu wamepungua mno, sasa hawatoshi hata kuunda timu mbili za mpira. Wote wananiita Mwalimu Kesho, maana jina zima la Wakesho linawashinda. Mwaka huu nina watoto wa darasa la kwanza wenye sauti kama kengele. Nikiwauliza kwa Kiingereza wanapenda nini, wote wanajibu nyanya, hata wasiozipenda, kwa kuwa ndilo neno wanaloliweza. Chakula cha mchana tunakula pamoja darasani, kisha tunapiga magoti, walimu na wanafunzi, tunasugua sakafu kwa matambara. Ungeniona ninavyosugua usingeamini kwamba ni yuleyule uliyekuwa ukimfukuza na mwiko ili aoshe sufuria.

Bibi Tsuneko unamkumbuka, mwenye nyumba wangu. Ndiye aliyekutumia zile figili za kusindika, ukasema zinanuka soksi. (Nilimwambia umezipenda sana.) Ana miaka themanini na mbili, na nyumba yangu na yake zimegawanywa na ukuta wa mbao tu. Nikikohoa, ananiuliza kutoka upande wa pili kama nimevaa soksi.

Basi, mwisho wa majira ya kuchipua, watu wa huku hupanda mlimani kuchuma machipukizi ya mianzi. Kila mtu ana mahali pake, na hapo mahali hapasemwi. Mume hamwambii mkewe. Ya Bibi Tsuneko ndiyo manono kuliko yote kijijini, na jirani wa ng'ambo ya barabara, Mzee Sagae, amekuwa akimwonea wivu tangu ujana wao.

“Unayatoa wapi hayo?” humuuliza kila mwaka. “Kaburini kwa mumeo?”

“Nayatoa nilikoyaweka,” Bibi humjibu.

Mwaka jana Bibi alinichukua nimbebee kikapu. Tulitoka kwa njia ya mtoni, mbele ya macho ya kila mtu, kama afanyavyo siku zote. Tulipofika kwenye daraja la mbao, pasipoonekana tena kutoka kwenye nyumba, akavuka, akageuka ghafla akapanda kama mbuzi hadi nyuma ya tanuri la zamani la mkaa. Huko ndiko kwenye hazina yake. Akaniambia, “Hata mwanangu Masaru sijamwonyesha. Wewe nakuonyesha kwa sababu siku moja utarudi kwenu, na siri itaondoka na ndege.” Nikaapa. Na sikufichi, Shangazi, maneno yale yaliniuma kidogo, kwamba mimi ni wa kuondoka tu.

Sasa sikiliza. Jumatano ya wiki iliyopita tulikuwa tumepiga magoti na watoto, tunasugua, mara vipaza sauti vya kijiji vikalia. Kwa kawaida vinatangaza mambo ya takataka na michezo ya wazee. Safari hii binti wa ofisini alisema Bibi Kumagai Tsuneko, huyuhuyu wangu, alitoka alfajiri kwenda mlimani na hajarudi. Amevaa kofia ya zambarau. Yeyote aliyemwona aseme. Tambara likaniponyoka. Siku tatu kabla ya hapo dubu alikuwa ameonekana nyuma ya hekalu, akila mizinga ya nyuki ya watu. Watoto wote walikuwa wanakuja shule na njuga kwenye mikoba, za kumfukuza dubu kwa mlio.

Dirishani nikawaona zimamoto wa kijiji wakielekea mtoni na fimbo ndefu. Nikaelewa. Wanamtafuta pale alipotaka wao waamini kwamba huenda.

Sikutoka mbio, nikudanganye kwa nini? Nilisimama na ndoo mkononi. Niliwaza: kama amekaa tu kupumzika, nikapeleka kijiji kizima kwenye hazina yake, atanitazama kwa jicho gani? Kisha nikaona mawingu yanashuka mlimani, na aibu ikanishika kwamba nilikuwa nafikiria jicho.

Nikamwendea mwalimu mkuu, Bwana Igarashi, mtu ambaye hajawahi kumruhusu mtu kutoka kabla ya kengele.

“Mwalimu Kesho, una kipindi,” akasema.

“Mwalimu mkuu, najua alipo.”

Akanitazama. Akafungua njuga kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe akanipa. “Kipindi nitafundisha mimi,” akasema. Kiingereza chake, Shangazi, ni cha “habari za asubuhi” tu, hata jioni.

Mzee Sagae ndiye mkuu wa zimamoto. Aliponiona nakuja na viatu vya shule akapandisha sauti. “Rudi, Mwalimu! Dubu hajui Kiingereza!”

“Hayuko huku,” nikamwambia.

“Nani kakwambia? Tangu nina nywele namwona akipita njia hii.”

“Anapita hapa ili mumwone. Akifika darajani anapinda.”

Mzee Sagae akavua kofia. “Anapinda?” akasema polepole. “Anapinda! Mwanamke yule!” Na katikati ya hofu ile yote, nakuapia, alicheka.

Daraja lilikuwa limesombwa na maji ya theluji iliyoyeyuka, bila shaka baada ya Bibi kupita, tukavuka mtoni kwa kushikana mikono. Hapo ndipo simu ilipoteleza mfukoni ikaenda zake. Sikuiangalia mara mbili.

Juu ni mianzi myembamba iliyosongamana, inakupita kimo, huoni hata mkono wako. Tuliona kinyesi cha dubu, kibichi bado. Mzee Sagae akanisogeza nyuma yake bila kusema neno. Tukatikisa njuga, tukaita. Kimya. Tukaita tena. Nikaanza kuomba kwa Kidawida, lugha yetu, kama ulivyonifundisha, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Ndipo sauti ikatoka chini, kali kama pilipili.

“Nani huyo anakanyaga-kanyaga huko? Mnaniharibia!”

Alikuwa ametumbukia kwenye shimo dogo kando ya jiwe, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, uso mweupe kwa baridi. Kikapu kimejaa, amekikumbatia. Aliponiona akaninyooshea mkono. Kisha akamwona aliye nyuma yangu.

“Huyu? Katika watu wote duniani, umemleta huyu?”

“Bibi, ningemleta nani?”

“Ungemleta dubu!”

Nikakaa chini kwenye matope nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mzee Sagae akaweka fimbo, akageuka, akamwinamia ampande mgongoni. Ana miaka sabini na tisa, Shangazi. Vijana walitaka kumpokea, akakataa.

“Usiwe na wasiwasi, Tsuneko,” akamwambia tukiteremka. “Nimekuja hapa nimefumba macho. Sijaona kitu.”

“Fumbua basi, utaniua!”

Mguu ulikuwa umevunjika, lakini umevunjika vizuri, daktari alisema, utaunga. Masaru akaja hospitali na gari kutoka Sendai, mji anakoishi, hata shati hajachomekea. Alipomwona mama yake ametulia anakula chungwa, hofu yote ikageuka hasira.

“Basi, Mama. Safari hii unakuja kukaa nami.”

“Huko Sendai nitachuma nini? Taa za barabarani?”

Masaru hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kumtafutia chumba. Akauliza nani atakuwa anamwangalia, na swali lilikuwa la haki. Nikasema ukuta wetu ni wa mbao, nasikia hata akipiga chafya. Mzee Sagae akakohoa, akasema mama hatapanda tena mlimani peke yake, watakwenda wote wawili.

“Ndicho ulichokuwa unakitaka tangu zamani!” Bibi akamkemea. Na Masaru, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akacheka mpaka akaegemea dirisha. Wakakubaliana: Bibi atabaki, atavaa njuga na filimbi, na Masaru atakuja kila mwisho wa mwezi. Kile chumba amekirudisha.

Siku iliyofuata Mzee Sagae alikuja hospitali na kifungu cha machipukizi, manono kama vidole gumba. Bibi akayageuza mkononi, akamtazama, akayageuza tena. “Yametoka kwangu haya.” Mzee akasema yeye hajui, alikuwa amefumba macho.

Mzee alipoondoka nilibaki na Bibi peke yangu, nikamwomba radhi kwa kiapo nilichokivunja. Aliendelea kumenya machipukizi yale, hakuniangalia. “Nilikuonyesha kwa sababu nilijua utaondoka,” akasema. “Sasa umeitoa siri. Basi kaa.” Nikamsaidia kumenya.

Kwa hiyo, Shangazi, nimekubali kufundisha mwaka mwingine. Usinune. Agosti nakuja likizo, na usichinje kuku kabla sijafika, maana mwaka ule alikuwa mgumu. Mwambie Mwakio kitambulisho chake asikitafute, ninacho mimi, niliondoka nacho kimakosa.

Nisalimie Mama Wawuda, Mwakio na mkewe, Mkawasi mwizi wa dawa, na Mchungaji. Mungu aliyemwona Bibi Tsuneko mianzini akuone nawe hapo ulipo, akunyooshee goti, na akutunze hadi tutakapoketi pamoja.

Nimeandika haya asubuhi ya Jumapili. Bibi Tsuneko alirudi nyumbani jana. Sasa hivi, nyuma ya ukuta, namsikia akikatakata figili, kisu kinagonga ubao, na anagombana na redio kuhusu hali ya hewa. Nimekaa kitako sakafuni hapa jikoni, chai imepoa, na sitaki kuinuka.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Wakesho