Mkia wa Helmeti ya Haji

Kiponda, Mji Mkongwe
Jumatano

Kaka yangu Suleiman,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua barua zangu zikipita kwako humfikia yeye zimeshachakaa. Goti lako vipi? Na Mama, macho bado yanamtoka maji? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na paa limeacha kuvuja.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema nimemvunjia heshima mume wangu mbele za watu, na kwamba Haji amekusimulia yote. Haji amekusimulia nusu. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu husikilizi, unangoja zamu yako tu. Kwa hiyo naandika. Bwana Kanti, mwenye duka la vitambaa hapa chini, ana mtu anayevuka kesho kuja Wete, ataileta mkononi.

Nianze na wewe, kwa sababu baiskeli ile ya Haji ni wewe uliyemletea. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mtunza maabara pale chuoni Tunguu, alikuwa akienda kazini kwa basi kama watu wengine. Ukamletea baiskeli ya mbio, na tangu siku hiyo hana akili nyingine. Ya mwaka jana unayajua. Kwenye mashindano ya kutoka Kizimkazi hadi mjini alifika msitu wa Jozani ameinamisha kichwa, hakuyaona matuta yaliyowekwa barabarani ili magari yasigonge kima, akaruka juu ya usukani. Siku mbili nzima amelala hospitali hajitambui. Daktari aliniita pembeni akaniambia kichwa hicho kikipata pigo jingine la namna ile, yeye haahidi kitu. Nikamwambia Haji. Haji akasema madaktari wanapenda kutisha watu.

Mwaka huu kaja na jipya. Kaona kwenye simu waendesha baiskeli wa Ulaya wamevaa helmeti zilizochongoka nyuma, zina mkia. Akasema yeye hashindwi na mtu, anashindwa na upepo. "Asha, upepo unanshika hapa," ananionyesha masikio. Za kununua hazipatikani, basi atatengeneza mwenyewe. Akachukua helmeti yake ya kawaida, mkasi wangu wa kukatia bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, na lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni, akakaa chumbani ninamoshonea kofia. Siku tatu, Kaka, nyumba nzima chembe nyeupe, mpaka kwenye mchele. Alichokitoa mwisho kilikuwa na uvimbe upande mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, na nakiri. Nashona kofia tangu nina miaka kumi na miwili, Mama ni shahidi. Siwezi kukaa nikatazama kitu kibaya kikivaliwa kichwani na mtu wa nyumba yangu. Nikamwambia lete. Nikampa sharti moja, kwamba helmeti ngumu ya ndani haiguswi, tunajenga juu yake. Akakubali. Nikampima, nikakata bafta vipande sita, nikavishona juu ya povu. Haji akapata kwa mafundi wa boti ile dawa ya faiba inayogandisha kitambaa kiwe kigumu, tukaipaka tabaka kwa tabaka, tukapiga msasa. Harufu yake ilimpandisha Bwana Kanti ngazi kuja kuuliza kinaungua nini. Ilipokauka, Haji akaivisha helmeti juu ya chungu, akawasha feni, na mbele yake akaweka chetezo na udi wangu niliouweka kwa ajili ya Idi, ili aone moshi unapitaje. Moshi ulipita vizuri, hilo sikatai. Ulilala juu ya helmeti ukatokea mkiani bila ya kuvurugika. Udi umekwisha.

Nilifurahi, Kaka. Ilikuwa kazi nzuri. Alisimama mbele ya kioo, mkia umekaa sawasawa kisogoni, nikamwona kijana.

Siku ya pili akapanda baiskeli, ndipo nilipoona nilichofanya. Kofia tunaipimaje? Mtu anasimama wima, anatazama mbele, utepe unapita juu ya nyusi. Ndivyo nilivyompima Haji, kama mtu anayekwenda msikitini Ijumaa. Lakini mtu wa mbio haendi wima, anainama mpaka kifua kinakaribia usukani. Alipoinama, mkia ukamgota mgongoni na kichwa kikagoma kuinuka. Alikuwa analiona gurudumu lake na hatua mbili tatu za lami, basi.

"Vua, nikate mkia," nikamwambia.

"Ukikata mkia ushakata kila kitu. Upepo utarudi."

"Na matuta ya Jozani utayaonaje?"

"Njia ile nshaihifadhi."

"Mwaka jana pia ulikuwa ushaihifadhi."

Akaenda kuificha helmeti kazini Tunguu, nisiifikie na mkasi. Wiki nzima nimesema mpaka mate yamenikauka. Nakaa kushona kofia za watu, sindano inanichoma, nawaza kuwa safari hii kitakachomuua ni kazi ya mkono wangu.

Siku ya mashindano aliniambia nimsubiri mjini pamoja na wake za wenzake. Nikaitikia. Alipoondoka nikashuka kwa Bwana Kanti, nikamwomba anipeleke Jozani na gari lake la mizigo.

"Bi Asha, mashindano yanaishia mjini, siyo msituni."

Nikamweleza habari ya mkia. Akafunga duka.

Nilisimama kabla ya tuta la kwanza, katikati ya watalii waliokuja kutazama kima. Wakapita watu wanane, tisa. Halafu nikaiona helmeti yangu nyeupe inakuja mbio sana, na chini yake sioni uso. Nikavua viatu nikaingia barabarani, nikamwita kwa sauti ambayo hata Mama hajapata kuisikia kwangu. Nikamtukana pia, hilo amekwambia kweli. Kusikia sauti ya mkewe ilimbidi atazame, na ili atazame ilimbidi akae wima. Akaliona tuta. Akakamata breki, gurudumu la nyuma likayumba, akalipanda tuta polepole kama anayetoka sokoni. Watalii wakapiga picha. Watu sita wakampita pale pale, na mjini akafika miongoni mwa wa mwisho.

Hiyo ndiyo aibu niliyomtia. Unataka nimwombe radhi. Kwa matusi nitaomba. Kwa kumsimamisha siombi, hata uje wewe na wazee wote wa Wete. Na mkia nimeshaukata, mbele ya macho yake.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, umwambie kofia ya mdogo wake imebaki duara la juu tu. Msalimie shangazi yetu, ambaye najua keshashika upande wa Haji, na jirani yetu mzee wa cherehani aliyenifunza kushika sindano. Mama mwambie nimepungua kidogo lakini si ugonjwa.

Haji hasemi nami, leo siku ya nne. Anakula, anasoma gazeti, ananipita kama nguzo ya nyumba. Lakini yule amelelewa vizuri, akiitwa hawezi kunyamaza. Nikiita "Haji," hujibu "Naam," kwa kununa, halafu hungoja nimwambie ninachotaka. Jana nimemwita mara tano. Sikuwa na ninachotaka.

Nduguyo akupendaye na aliyechoka,
Asha