Jaketi la Abiria wa Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kisiwani, nimekaa kwenye kiti cha kamba nje ya chumba chetu na kalamu niliyoazima mapokezi. Magoti yako yanaendeleaje? Na ile dawa ya presha, unaimeza au unaificha chini ya mto kama mwaka jana? Shangazi naye, bado anakushikia simu na kukupigia kelele sikioni yale niliyokwisha kuyasema mwenyewe? Mimi mwilini sijambo. Mkweo, yule uliyempa jina la Redio kwa sababu habari haikai kinywani mwake, naye ni mzima na anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini naandika barua siku hizi za simu. Sababu unaijua. Simu yako ikilia tu, Shangazi anaiweka sauti ya nje, jirani anaacha kufua ili asikilize vizuri, na neno langu linafika sokoni kabla wewe hujalisikia. Haya ya leo nataka uyasome mwenyewe, na miwani yako, mlango umefungwa. Mwishoni nitaweka ukurasa mmoja wa salamu tupu. Huo ndio umpe Shangazi, ausome mpaka achoke.

Kisiwa ni kizuri, nisikudanganye. Safari hii, kama unavyokumbuka, tulipewa zawadi na bosi wake Redio kule karakana ya friji: chumba cha kulala karibu na maji, na jioni moja boti ya kutuzungusha sisi peke yetu mpaka jua lizame. Kitanda walichotupa ni kipana kiasi kwamba ungewalaza wazazi wote wa wodi yako ya zamani ya uzazi na nafasi ikabaki. Juu yake tulikuta taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana. Redio alimkunjua wake akafutia uso bila hata kumtazama. Mimi wangu nilimwacha pale pale katikati ya kitanda, na usiku tukalala mmoja huku na mwingine kule, bata katikati. Hakuna aliyemwondoa.

Nilikwambia tukitoka huku nitakuja kwako kupumzika. Ukaniuliza nakuja na nani, nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika, Mama. Nilikuwa nimeamua kuja peke yangu, na nguo zangu zote. Redio alikuwa hajui. Nilipanga kumwambia huku huku, mbali na majirani, na nikaona mahali panapofaa ni kwenye hiyo boti, maana katikati ya maji hawezi kuvaa viatu akatoka akaniacha naongea na ukuta. Ndivyo alivyokuwa akinifanyia kila jioni kwa wiki nyingi.

Basi jioni ilipofika tukashuka gatini. Nilivaa lile gauni pana la maua kwa sababu ndilo lililokuwa juu kwenye sanduku. Boti yenyewe ni nyeupe, ina injini mbili nyuma, paa la turubai, na meza ndogo iliyofungwa kwa misumari sakafuni. Redio akasimama kuzisikiliza zile injini kama anavyosikiliza friji za watu, akatikisa kichwa, akasema moja inakohoa. Hilo ndilo neno refu alilokuwa ameniambia siku nzima.

Nahodha ni baba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alikuwa na mhudumu mmoja, mama mnene mcheshi aliyevaa aproni ya mistari. Meza walikuwa wameitandika vizuri, maua katikati, lakini viti vilikuwa vitatu. Nikadhani cha tatu ni cha mikoba. Nahodha akatugawia majaketi ya kuokolea maisha, la rangi ya machungwa kwa Redio, na jingine kama hilo kwangu, akatusaidia kufunga mikanda. Kisha akainama chini ya benchi akatoa jaketi jingine, dogo sana, la mtoto mchanga, lina kishikio nyuma ya shingo cha kumvutia mtoto majini na kamba inayopita kati ya miguu. Akauvalisha mgongo wa kile kiti cha tatu, akalifunga vizuri, akarudi nyuma kulitazama kama mtu aliyetundika picha ukutani.

"Chombo changu hakiondoki mpaka kila abiria awe na jaketi lake," akasema. "Na mimi niliambiwa mko watatu."

Yule mama wa aproni akapiga makofi, akatupongeza, akasema amenijua tangu nilipokuwa natembea kwenye mbao za gati, maana mwanamke mwenye mimba ana mwendo wake. Nikatabasamu, Mama. Nilisema asante.

Sasa sina pa kukimbilia. Hatuko watatu. Mtoto hayupo. Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha nikaenda kunawa uso, na nimerudi nimeikuta ipo.

Ilikuwa mwezi wa saba wa mimba. Niliamka asubuhi nikaona amenyamaza, nikasema labda amelala, si wewe ulinifundisha kwamba wana nyakati zao. Nikanywa maji baridi, nikalala ubavu wa kushoto, nikasubiri kama unavyowaambia wanawake wote wasubiri. Hospitalini daktari aliweka kile kifaa chake tumboni, akakisogeza huku na kule, kisha akakigeuza kile kioo upande wake. Hapo nikajua, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukitusimulia jinsi chumba kinavyonyamaza. Nilimzaa kama wanavyozaliwa wote, kwa uchungu ule ule, na hakulia. Daktari alisema mambo haya hutokea bila mtu kukosea popote. Nilimsikia. Bado kila siku naamka natafuta pale nilipokosea.

Tangu siku ile, kila ulipopiga simu ukauliza kama miguu inavimba, nikakujibu haivimbi. Huo haukuwa uongo. Lakini wewe umepokea watoto wa mtaa mzima, Mama, hata yule konda mkorofi wa basi la huko nyumbani ulimpokea wewe, na mimi wa kwangu mmoja nilishindwa kukuletea. Nilimwapisha Redio asikuguse kwa habari hiyo. Akakubali.

Na nyumbani Redio alizimika. Mtu aliyemwambia mpaka kondakta wa basi kwamba anatarajia mtoto, siku ile tuliporudi hospitali akanilaza, akanifunika, akachukua kofia akatoka. Kesho yake hivyo hivyo. Mimi nimelala nimegeukia ukuta, maziwa yananitoka hayana wa kuyanyonya, namsikia anafunga mlango taratibu. Akirudi, ukimuuliza alikokwenda anasema alikuwa anazunguka. Nikajua yuko kwenye mabenchi na wenzake wanacheza bao na kucheka. Nikaanza kumchukia, Mama, polepole, kila alipovaa ile kofia.

Sasa rudi nami kwenye boti. Tukaondoka. Maji yalikuwa yametulia, jua limeshuka limekaa juu ya bahari likiwa jekundu, na mimi nimekaa nimetazamana na kiti chenye jaketi dogo. Yule mama wa aproni akatuletea juisi na matunda, akauliza tunatarajia lini. Nilimtazama Redio nikingoja aseme ukweli. Akamtajia mwezi, ule ule tuliokuwa tumehesabu. Akaulizwa kama tunataka wa kike au wa kiume, akasema wa kike, ila awe na akili za mama yake. Yule mama akacheka. Mimi damu ilinichemka, kisha, sijui nikueleze vipi, nikafungua mdomo nikasema usiku anapiga mateke mpaka blanketi linaruka. Redio akaniangalia. Akasema eti akisikia injini inakohoa anageuka. Tukaendelea hivyo, mmoja anaongeza na mwenzake anapokea, mpaka mhudumu akaona tumezama kwenye yetu akaenda nyuma kwa nahodha. Kwa muda ule mfupi tulikuwa tena wazazi, Mama. Nilikuwa na furaha. Sijawahi kuumizwa na kitu kama furaha ile.

Tukabaki peke yetu. Redio akanyoosha mkono akalifungua lile jaketi dogo pale kwenye kiti, akaliweka magotini, akawa anasawazisha mikanda yake. Nikamuuliza kwa hasira kama hawa nao aliwaambia. Akauvuta mkanda mmoja mpaka ukakaa sawa.

"Nilidhani nimewamaliza wote," akasema. "Hawa niliwaambia siku ya kupanga safari, nikawasahau."

Nikamuuliza kuwamaliza vipi. Ndipo akanieleza, uso ameuinamisha kwenye lile jaketi. Kila jioni alipovaa kofia alikuwa akiwarudia watu aliowaambia, mmoja mmoja. Mwenye duka. Kinyozi. Mlinzi wa getini. Yule kondakta alimngoja kituoni mpaka basi lake likapita. Alisimama mlangoni mwa saluni yangu asubuhi na mapema, kila mteja wangu aliyefika akamweleza. Kote alisema maneno yale yale: mtoto wetu hatunaye tena, na mkimwona mama yake, nawaomba msimuulize. Wengine walilia, akakaa nao mpaka wanyamaze. Wengine walimpa pole ndefu, akasimama akaipokea. Kisha anarudi nyumbani, ananikuta nimegeukia ukuta, hana sauti tena ya kuniambia chochote. Alikuwa amechoka kulisema, Mama. Alilisema kwa niaba yangu mpaka likammaliza.

Nikakumbuka muuza mayai. Alizoea kuniita mama kijacho kutoka ng'ambo ya barabara, kisha ghafla akaacha, akawa ananichagulia mayai kimya kimya na kuyafunga kwa gazeti maradufu. Nikakumbuka wateja wangu walivyorudi saluni wakaongelea mvua na bei ya mafuta ya nywele, hakuna hata mmoja aliyenitazama tumboni. Nilidhani watu hawana habari nami. Nilidhani dunia imenisahau upesi. Kumbe mume wangu alikuwa ametangulia mbele yangu kila mahali, akinisafishia njia.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia naondoka. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Yakapotea yote. Nikahama kiti nikakaa kando yake, tukalishika lile jaketi wote wawili, na Redio akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu, kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka. Jua likazama hapo hapo. Hatukuliona, na ndilo tulilopelekwa kulitazama.

Tuliporudi gatini taa zilikuwa zimewashwa. Nahodha ana utaratibu wake, hamruhusu mtu kushuka mpaka majaketi yote yarudi mkononi mwake. Akapokea langu, akapokea la Redio. Lile dogo Redio alikuwa amelikumbatia na vidole vimegoma kufunguka. Mhudumu akataka kutania jambo, nahodha akamgusa mkono. Alishusha miwani, akatutazama, akalitazama gauni langu lilivyolegea tumboni, na nikaona ameelewa.

"Hilo halina haraka," akasema. Akaenda mbele ya boti akawa anakunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

Tulikaa pale, boti imefungwa, mpaka Redio mwenyewe akalifunga mikanda yote, ule wa shingoni na ule wa kati ya miguu, akanipa. Mimi ndiye niliyelirudisha. Nahodha alilipokea kwa mikono miwili.

Hivyo Redio amewamaliza wote isipokuwa wewe. Jana aliomba akuandikie yeye, nikamkatalia. Wewe ni wa kwangu.

Kuna kitu kimoja nimekuwekea. Alikuwa wa kike. Nesi alituachia tumtazame, na miguuni alikuwa na kidole chako, kile cha pili kinachokipita dole gumba, ambacho umekuwa ukikilaani kwenye kila duka la viatu. Redio akamwambia nesi huyu ni mama mkwe wake mtupu. Ndilo neno la mwisho kulisema kwa sauti yake ya zamani.

Tunakuja wote wawili, Mama. Yale mashuka laini uliyokuwa ukiyachana ya nepi usiyatupe, wala usiyafiche nisiyaone. Nataka niyashike. Na ule ukurasa wa salamu tupu niliokuahidi, nimeuandika nikauchana. Mpe Shangazi huu huu. Ausome kwa sauti yake ile ile ya sokoni, jirani aache kufua asikie, na muuza mkaa, na wale wanaochungulia dirishani. Kwa mara moja katika maisha yake ana ruhusa yangu: awatangazie watu wote, hata wasiomuuliza. Awaambie mtoto wetu hatunaye tena, na mkimwona mama yake, msimuulize. Nikiingia getini nataka nikukute wewe tu, umekaa, na nafasi kando yako.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na umeze dawa kabla hujaisoma barua hii mara ya pili. Redio anakuamkia tena, ameamka sasa hivi, yuko ndani anajaribu kumkunja upya yule bata wake na ameshindwa.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako