Masikio ya Gervas

Songea,
Jumatatu

Dada Eufrasia, shikamoo.

Naanza na habari yenyewe, maana najua ungeruka salamu kuitafuta. Daktari wa masikio aliyempima Gervas wiki iliyopita amesema mwanao hasikii tena sauti nyembamba kwa masikio yote mawili, na la kulia ni baya zaidi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Maneno ya daktari yalikuwa haya: "Kilichokwisha hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, akikaa mbali na spika kuanzia leo." Sikuongeza wala kupunguza.

Sasa nikuulize, mnaendeleaje huko Kasulu? Mguu wa shemeji umepona, au bado anaburuta? Maharage mmeshayaanika? Sisi kwa mengine ni wazima. Mahindi yamevunwa, baridi ya asubuhi bado inauma, na redio bado inanizungusha vijijini na kinasa sauti mgongoni.

Huku sherehe huanza mahindi yakishaingia ndani: harusi, kipaimara, jubilei za masista. Msimu wote Gervas alikuwa akifunga mitambo ya Mzee Mfaume, mtu wa Tunduru anayekodisha spika, leo Maposeni, kesho Hanga. Katikati ya wiki alirekodi kwaya katika chumba alichokigeuza studio, kuta zimefunikwa trei za mayai. Hiyo ndiyo kazi aliyoifuata Songea. Alitaka kuwa mtu wa kupanga sauti za wenzake mpaka zikae.

Mafundi wa mitambo wa huku wana desturi wanayoiita kuonja. Wakishafunga kila kitu hufungulia muziki kwa nguvu zote, kisha fundi anapita spika moja baada ya nyingine, anabandika sikio kwenye wavu na kusikiliza ipi inakwaruza. Asiyeonja haitwi fundi. Gervas alionja kila sherehe, tena kwa sikio la kulia.

Mambo yalijulikana Mshangano. Kwaya ya kigango ilikusanyika ukumbini kusikiliza nyimbo alizowarekodia, nami nilikwenda kuwafanyia kipindi. Wimbo wa kwanza haukufika katikati, wanawake wa sauti ya kwanza wakaanza kukunja nyuso. Herufi zote za "s" zilikuwa zinachoma kama wembe.

"Gervas, mwanangu," akasema mama mmoja mnene wa mstari wa mbele, "ulituimbisha au ulitunoa?"

Wakacheka. Mwingine akasema mume wake akisikia hiyo atahama nyumba.

"Punguza ile sauti kali," akasema Mwalimu Kasiani, anayewafundisha kwaya.

"Mwalimu, mbona iko chini? Hata haisikiki vizuri."

Kasiani ni mtu mpole, mstaafu wa shule ya msingi. Hakubishana. Alichukua kayamba iliyokuwa juu ya kinanda, akazunguka nyuma ya Gervas, akaitikisa taratibu karibu na sikio la kulia. Sote tuliisikia. Gervas aliendelea kubofya kompyuta yake. Kasiani akaitikisa tena, kwa nguvu kidogo. Yule mama mnene akaacha kucheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Gervas alipoinua kichwa na kuona tunavyomtazama, akauliza, "Kuna nini?"

Kasiani alimwonyesha kayamba.

Siku ya kipimo alijaribu kudanganya. Walimvalisha vifaa vya masikioni na kumpa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Akawa anatazama mkono wa nesi: ukisogea, anabonyeza. Daktari, mama asiye na maneno mengi, akamwambia, "Kijana, geuza kiti utazame ukutani." Alipogeuza, kitufe kilikaa kimya muda mrefu.

Nilikwenda kwa Mzee Mfaume kumwambia kwamba Gervas hatarudi kazini. Alisikitika kweli, akamwombea dua. Nikamuuliza kama hajawahi kuhofia masikio ya vijana wake. "Unasemaje?" Nikarudia. "Mimi nimeonja tangu ujana wangu, alhamdulillahi, nasikia vizuri." Mke wake alikuwa mlangoni anamwita aje kula. Ilibidi aje amguse bega.

Nilipokuarifu kwamba anakwenda kupimwa, uliniuliza katika ujumbe wako kama kwenye muziki kuna kazi nyingine anayoweza kufanya. Nimeuliza watu, si kubahatisha. Ushereheshaji upo, lakini Gervas ukimpa kipaza sauti anaangalia viatu, na hata huko spika ziko pale pale. Kufundisha kinanda kunahitaji masikio. Kuwatafutia wasanii maonyesho na kusimamia mikataba yao ni kazi ya mtu anayeshinda kwenye simu, na nitakuja kwenye habari ya simu. Pale redioni tunaye mtu wa kupanga nyimbo, hana mpango wa kuondoka. Iliyobaki ni kutengeneza vipaza sauti na spika zilizoharibika. Kuna fundi mjini anayekubali kumchukua. Kazi ni ya mezani, kimya, kwa mikono na macho. Nilimpelekea Gervas jibu hilo.

"Mjomba, unanitajia jikoni, stoo na uani," akasema. "Mimi nataka kukaa sebuleni."



Na sasa kuna jambo gumu kuliko yote. Bendi moja ya Dar es Salaam inazunguka mikoa ya kusini, na fundi wao wa mitambo amewaacha njiani. Kiongozi wao alimwona Gervas kwenye harusi moja kabla ya haya yote, akampigia. Wanamtaka azunguke nao, kisha abaki nao Dar. Ndiyo kazi aliyoiota tangu anafunga redio mbovu kwa waya huko nyumbani. Hawakumuuliza habari ya masikio, naye hakusema. Daktari nilipomweleza alisema akiifanya kazi hiyo mwaka mmoja, asitegemee kusikia mazungumzo ya kawaida.

Nimemwambia Gervas haya yote. Amefunga begi.

"Mama usimwambie mpaka niwe nimefika," akaniomba.

"Namwandikia leo."

Akakaa juu ya begi. "Basi andika kama unavyoandika habari zako. Usinililie."

Ndivyo nilivyofanya. Kurasa hizi nazipiga picha na kumtumia binti yako Yustina akusomee, kwa sababu posta haitawahi.

Dada, kabla ya habari ya kipimo ulilalamika kwamba Gervas siku hizi anakujibu ovyo kwenye simu, unauliza hili anajibu lile, halafu anakata. Ukasema mji umemharibu. Si dharau. Nimekaa naye akizungumza na wewe, nimeona anavyobana simu mpaka sikio linakuwa jekundu. Sauti yako ni nyembamba, na kwenye simu haimfikii. Anasikia kwamba ni wewe, maneno hayasikii. Sauti nzito bado anaisikia vizuri, yangu na za wanaume wengine. Kwa hiyo usipige wewe. Apige shemeji.

Najua yeye na mwanawe hawajazungumza tangu Gervas aondoke, na najua shemeji alisema muziki si kazi. Asilirudie hilo. Aseme polepole, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, na yale unayotaka kumwambia wewe ayaseme yeye kwa niaba yako. Mimi nimeshasema yangu, yamekwisha.

Nisalimie mama mkwe wako, mdogo wetu katekista, na jirani aliyekukopesha jembe la kukokotwa. Yustina asisome kwa haraka.

Kipimo cha pili, cha kuona masikio yametulia wapi baada ya kupumzika, ni Alhamisi asubuhi. Gervas ameahidi kwenda. Gari la bendi linatoka Mbinga na litapita stendi ya Songea Ijumaa asubuhi, na kuhusu hilo hajaahidi kitu. Shemeji apige Alhamisi jioni, kwenye simu yangu. Nitakuwa nimekaa naye.

Mdogo wako,
Deogratias